Kuchana Uwanja wa Farasi

Wanawake wenzangu wa Ibra walinitania miaka mingi kwamba nimeolewa uke wenza na mimi sijui. Mke mwenzangu, walisema, kalala chali chini ya mashamba ya mwisho ya mitende, kando ya wadi, ule mto usio na maji ila mvua ikinyesha, na mume wangu humwendea kila siku baada ya sala ya Alfajiri na akarudia tena Alasiri. Humwogesha, humchana, akishamaliza ndipo anikumbuke mimi, naye kajaa vumbi mpaka kwenye kope. Nilicheka nao, na nyumbani nikanuna, kwa sababu maneno yao hayakuwa mbali na kweli. Mke mwenzangu alikuwa uwanja wa farasi.

Asiyejua mambo ya huku kwetu nimweleze. Siku za Idi na za harusi kubwa, wapanda farasi wa Sharqiyah, mkoa wetu, hufanya mchezo unaoitwa ardha. Si mashindano, kwani hapana anayeshinda. Farasi wawili huachiwa kwenye njia ndefu iliyonyooka, wakaenda mbio ubavu kwa ubavu, na vijana walio juu yao wakashikana mikono. Mbio zikishakolea, mmoja huinuka akasimama wima juu ya tandiko, mkono wake bado umo mkononi mwa mwenzake, kanzu inapepea, na watu wa pande zote mbili hupiga mayowe. Niliuona mchezo huo tangu nilipokuja Oman na wazazi wangu kutoka Unguja, msichana mdogo, na kila mara nilitazama farasi, nikatazama vijana, nikatazama nani kavaa nini. Ardhi yenyewe sikuitazama hata siku moja.

Mume wangu ndiye aliyenifundisha kuitazama. Yeye alizaliwa Tabora, ambako baba yake, mtu wa Ibra, alikuwa na duka. Kiswahili chake cha bara, chenye leveli na gia na chansi, kilinichekesha tangu siku za uchumba. Hapa alipata kazi katika ofisi ya serikali, kazi ya kugonga mihuri, nayo ilikwisha mapema mchana. Hakuwa na farasi wala hakuwahi kupanda. Kilichompeleka uwanjani ni ajali.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, siku ya Idi, farasi mmoja alitumbukiza mguu kwenye shimo katikati ya mbio. Sisi wanawake tulikuwa mbali, chini ya miti, lakini ule mlio wa mfupa tuliusikia. Kijana aliyekuwa juu alipona, akabaki anachechemea. Farasi hakupona. Mume wangu alirudi nyumbani, akakaa mbele ya sinia ya wali asiguse kitu. Mwishowe akasema, "Lile shimo nililiona jana. Watu wote tuliliona." Kesho yake akaazima jembe.

Nilidhani ataziba shimo moja, basi. Kumbe uwanja ukiziba shimo hapa, unakufungulia jingine pale. Wadi ikishuka na mafuriko huleta mawe, na mawe hayo ukiyaokota leo, mvua inayofuata huyafukua mengine yaliyokuwa yamejificha chini. Upepo ukivuma kutoka kwenye machanga ya Sharqiyah, hulundika mchanga laini upande mmoja, na farasi akifika hapo miguu inamlemea. Jua likipiga juu ya tope la wadi, ardhi hukaza ikawa ngumu kama sakafu, na kwato zikigonga hapo goti la farasi ndilo linalolipa. Halafu kuna mbuzi. Halafu kuna vijana wenye magari, ambao kila wakiona mahali pamesawazishwa vizuri huona wametengenezewa wao, wakaja Ijumaa jioni kuzungusha matairi. Nilimwona mume wangu akiokota mawe peke yake, na wenye farasi wakipita na kumwambia Mungu akulipe, wakaenda zao kunywa kahawa.

Alichokuwa anakitaka alikieleza kwa maneno machache: farasi aache alama ya kwato, asiache shimo. Ardhi iwe imelowa kidogo chini na kulegea kidogo juu, mwanzo mpaka mwisho, bila kubadilika. Ikibadilika ghafula, farasi hushtuka, na aliyesimama juu yake hana pa kushika ila mkono wa mwenzake.

Zana zake zilinitia aibu. Kwanza lilikuwa gogo la mtende, kalifunga minyororo nyuma ya pikapu yetu, akawa analiburura kwenda na kurudi. Gogo lilisawazisha, lakini lilikuwa linapita juu ya ukoko bila kuuvunja. Ukoko ndio neno lake yeye, la ule ugumu unaokamata juu ya udongo uliolowa ukakauka, na kila mpishi anaujua. Siku moja narudi kutoka kwa mama yangu, naona kile kitanda chetu cha chuma, kitanda tulichopewa siku ya harusi, hakipo stoo. Nikakikuta uwanjani. Kakifungua miguu, kakipigilia misumari mirefu ya chuma chini yake kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi, na anakiburura nyuma ya gari.

"Mke mwenzangu umempa na kitanda changu," nikamwambia.

"Kitanda kinataka uzito tu," akajibu. "Kaa juu yake mama watoto, tuone meno yanashika leveli gani."

"Mimi si mfuko wa saruji."

Akacheka, akapakia mifuko ya mchanga. Ombi hilo alinirudia nalo kila mwaka, kwa mzaha nusu na ukweli nusu, kwa sababu mifuko ilikuwa inateleza na mtu akikaa hujua kuegemea. Kila mwaka nilimjibu vilevile.

Miaka hiyo ndipo madishi ya televisheni yalipoingia kila nyumba. Jioni moja ya baridi, baada ya Magharibi, tulikuwa tunakunywa chai, na televisheni iko kwenye stesheni ya nchi za mbali ambayo hakuna kati yetu aliyeijua lugha yake. Ilionyesha mlima wa theluji, mlima wa watu wa kijiji fulani tu, wala si wa matajiri, maana walionekana wazee na akina mama wakiuza supu, na watoto wao wakiteleza. Halafu likaja gari la minyororo, mbele lina sahani kubwa ya kusukumia theluji, nyuma lina meno, na nyuma ya meno lina kitu kipana kinachopiga pasi. Lilipanda mlima polepole, na nyuma yake theluji ikabaki na mistari, imechanwa.

Mume wangu aliinuka na kikombe mkononi. "Tazama," akasema. "Tazama! Wanavunja ukoko!"

Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Mzee mmoja mle ndani alichukua theluji kiganjani, akaifinya, akatikisa kichwa, akaelekeza kidole mahali ambapo theluji imekuwa nyembamba na majani yanachungulia. Mume wangu naye akatikisa kichwa. "Imemwishia pale," akasema, kwa huruma, kama anayezungumzia jirani wa mlango wa pili. Alitaka kujua wanafanyaje ikilowa mchana halafu ikakamata na baridi. Alitaka kujua kama nao wana vijana wa magari. Nilimwambia hao watu hawamjui na hawatamjua, naye akanijibu kwamba hata hivyo ni wenzake. Tangu siku ile, kila msimu wa baridi alikuwa akitafuta ile stesheni, akavumilia mashindano yote ili aone lile gari linapita mwishoni.

Na alichokiona alikifanyia kazi. Alipakia kitanda changu kwenye pikapu, tukaenda mpaka Firq, nje ya Nizwa, kwenye karakana ya fundi wa kuchomelea aliyekuwa na sifa. Akamweleza kwamba nyuma ya meno anataka bapa pana la chuma lilegee kidogo, lipige pasi kile kilichochimbuliwa. Fundi akakizunguka kile kitanda mara mbili.

"Unalima nini?" akauliza.

"Farasi," akasema mume wangu.

Fundi alichomelea bila kuuliza tena.

Sasa nije kwenye Idi ninayotaka kuieleza. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Idi ya kufungua iliyoangukia msimu wa baridi. Kijana wetu alikuwa ametimia miaka ishirini, kaajiriwa benki, mpole, na kila jioni yuko kwa jirani yetu mwenye farasi. Mtoto wa jirani huyo ndiye aliyekuwa mwenziwe tangu utotoni. Kabla ya Ramadhani wakatuambia kwamba ardha ya Idi tatu watapanda pamoja, na kwamba atakayesimama juu ya farasi ni wetu.

Nilikataa. Nilimwambia mwanangu kwamba ule mlio wa mfupa bado umo masikioni mwangu. Akaenda kwa baba yake, na baba yake akakubali. Nilimfuata mume wangu uwanjani, maana huko ndiko alikokuwa.

"Umekubali wewe," nikamwambia. "Basi ardhi hii ni dhamana yako. Mwanangu akianguka, sitomuuliza farasi. N'takuuliza wewe."

"Mimi ndiye wa kuulizwa," akasema. Hakutania wala hakucheka, na hilo lilinitisha zaidi.

Ramadhani nzima alifanya kazi na saumu yake. Wiki ya mwisho, gari la maji alilokuwa analitumia likaharibika, na uwanja ukaanza kukauka. Jioni moja barazani, wanaume walipokuwa wanakunywa kahawa baada ya tarawehe, akasema tu, kwa kupitisha maneno, kwamba uwanja una kiu na gari la maji ni bovu. Akanywa kahawa yake, akarudi kulala.

Ibra maji ya mashamba yanatoka kwenye falaji, ule mfereji wa wazee unaoleta maji kutoka chini ya milima. Kila mwenye shamba ana zamu yake. Zamu ikifika anafungua maji yaingie kwake, ikikwisha anafunga, na zamu nyingine hapati mpaka mzunguko urudi, ambao si wa kesho wala kesho kutwa. Watu hurithi zamu za maji, na wapo ndugu waliokosana kwa ajili yake mpaka wakazikana hawasemeshani. Kumpa mtu zamu yako ya maji ni kumpa kitu kikubwa. Jirani yetu, mwenye farasi, alitoka pale barazani akaenda kwa ndugu zake, na kwa watu wa mtaa wa juu, akawaambia yule bwana wa uwanja ana kiu. Wakampa zamu zao, wote. Usiku wa kuamkia Idi wakakata mfereji kwenye shamba la mwisho, wakaelekeza falaji nzima uwanjani, na wakakubaliana wasimwambie, iwe zawadi yake ya Idi.

Idi mosi, baada ya Alfajiri, mume wangu alikwenda uwanjani kama kawaida, akarudi upesi. Nilikuwa namalizia kupiga pasi kanzu.

"Njoo uone," akasema.

Kulikuwa kumepambazuka tulipofika. Maji yalitanda kutoka mwanzo wa uwanja mpaka mwisho, yametulia, na mitende inaonekana ndani yake kichwa chini. Jirani yetu kasimama ukingoni, kanzu kaikunja, jembe begani, uso unamng'aa.

"Idi mubarak!" akaita. "Tumekupa maji yote, ewe shekhe. Mimi, na ndugu zangu, na jamaa wa mtaa wa juu. Wallah hatujabakisha hata tone!"

Mimi damu ilinipanda. Ile ni wadi, udongo wa tope, na ulikuwa msimu wa baridi. Ardhi iliyokunywa vile ingebaki uji kwa siku kadhaa, na ikikauka ikaachwa ingekuwa sakafu yenye nyufa. Siku mbili mbele mwanangu asimame juu ya farasi hapo. Nilifungua mdomo. Mume wangu akanishika kiwiko.

Aliyatazama yale maji toka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akasema, "Allah yajzikum kheri, Mungu awalipe. Maji mazuri kweli." Akavua viatu. "Haya, nisaidie kidogo kuyatoa."

Kwenye gari, tulipokuwa tunarudi kujiandaa kwa sala ya Idi, nilimwambia kila nilichokuwa nacho. Kwa nini hukumwambia kakuharibia? Kwa nini unachekacheka?

"Nimwambie nini? Mtu kanipa maji ya ndimu zake. Hizo ndimu zitakaa na kiu mpaka zamu irudi. Mimi ndiye niliyesema uwanja una kiu, sikusema kiasi gani."

Nimeishi na mtu huyo miaka mingi, na naweza kuhesabu makosa yake bila kupumua, lakini asubuhi ile nilimwona mkubwa kuliko wanaume wote niliowajua, na ingawa nilikuwa na hasira naye, nilijivuna.

Baada ya sala ya Idi, watu walianza kuja uwanjani na kanzu zao mpya. Waliopaswa kuzunguka kwa jamaa kupeana mkono wa Idi walipeana mkono ndani ya tope. Walichimba mitaro ya kupeleka maji wadini. Walioweka shimoni nyama za shuwa, zile za Idi zinazookwa chini ya ardhi, walifunika mashimo wakaja. Wengine walileta mchanga mkavu kwa pikapu, wakamwaga palipokuwa na maji mengi zaidi, katikati ya uwanja upande wa chini, mahali mume wangu alipopaita tumbo. Adhuhuri jirani yetu alichota udongo, akaufinya, ukapita katikati ya vidole vyake. Nilimwona anaelewa. Akarudi kuchimba mpaka jioni, mikono imemchubuka, akaja mbele ya mume wangu.

"Nimekuharibia," akasema.

"Umenipa maji," mume wangu akamjibu, "na kesho inshallah tutapata jua."

Jua tulilipata, na upepo mkavu wa kaskazini. Idi pili hiyo ndiyo siku niliyouona ufundi wake wote. Akiuchana uwanja mapema, meno yatakokota tope. Akichelewa, ukoko utakuwa vigae. Kwa hiyo alikaa ukingoni tangu asubuhi, watu wanamwuliza vipi, bado? naye anasema bado. Alikuwa akinyanyua kipande cha udongo, akakivunja, akakinusa, akakirudisha. Vijana walichoka, wengine wakasema anaogopa. Mchana, nilipomletea chakula, alinyanyua kipande kikavunjika mkononi mwake kikawa chembechembe. Akaacha wali wake, akasema, "Sasa."

Aliendesha mpaka Magharibi, kwenda na kurudi, polepole, kichwa nje ya dirisha akitazama nyuma, na kile kitanda changu kikifuata, meno yanavunja, bapa linapiga pasi. Nyuma yake uwanja ulibaki na mistari myembamba iliyonyooka toka mwanzo hadi mwisho, kama kichwa cha mtoto wa kike aliyesukwa kwa ajili ya shule. Watu walisimama kutazama. Yule anayechechemea tangu ajali naye alikuwepo, akatembea ukingo wote. Nilitaka kupiga kigelegele, nikaona haya.

Idi tatu asubuhi wageni walishafika kutoka Sur na Nizwa, farasi wamevishwa fedha, ngoma zinalia, sisi wanawake tumekaa chini ya miti na majamvi yetu na halua. Mume wangu alivua viatu, akaanza kuutembea uwanja kwa miguu mitupu, kisigino kwanza. Nilimfuata kwa macho. Alikwenda vizuri mpaka katikati, upande wa chini, pale kwenye tumbo. Akasimama. Akakanyaga tena. Akainama, akatia mkono.

Niliinuka nikamwendea mbele ya watu wote. Najua walinitazama.

"Nini?"

Akanionyesha mkono. Juu palikuwa na mchanga mkavu mweupe, ule tulioumwaga sisi kwa nia njema. Chini yake palikuwa uji. Mchanga umefunika tope lisipate jua, na kwa macho mtu asingejua kamwe.

"Niambie kweli," nikasema. "Uwanja huu utamshika mwanangu?"

"Upande wa mlima utamshika. Hapa hapatamshika."

"Basi waahirishe."

Akaenda kwa wazee, akawaambia, nao wakasikiliza kwa heshima. Lakini wageni wameshakaa, farasi wameshapashwa moto, na wapanda farasi wakasema watapita upande wa mlima, hamna shida. Mume wangu akasema farasi akiwa mbioni huteremkia upande wa chini mwenyewe, na vumbi likishapanda hakuna atakayeona. Mtu mmoja akaleta pipa lenye kitambaa chekundu, liwekwe pale liwe alama.

"Wakiliona hilo watashtuka, na huyo aliyesimama juu ataruka," mume wangu akasema. "Farasi hawajui pipa. Mimi wananijua. Kila siku wakija mazoezini wananikuta hapa na wananipita." Akawageukia wazee. "Nitasimama hapa mimi. Wapite baina yangu na mlima. Mkikataa, msikimbize mtu."

Jirani yetu akasema asimame yeye, kwa kuwa maji ni yake. Mume wangu akamwambia kuwa farasi wake humfuata yeye mwenye kuwalisha, wakimwona watamjia. Jirani akarudi ukingoni, akashika kichwa.

Sikurudi kwenye jamvi. Nilibaki ukingoni na mikono juu ya kifua. Jozi ya kwanza ikatoka mwisho wa uwanja, na mlio wa kwato uliingia miguuni kabla haujaingia masikioni. Mume wangu kasimama pale, kanzu nyeupe, mikono imeshuka, hatingishiki. Farasi wakamwona, wakabana upande wa mlima, wakampita karibu mpaka kilemba chake kikapepea. Vumbi likamfunika. Likitulia, yupo. Ikaja jozi nyingine, na nyingine, na kila vumbi likipanda nilikuwa nikisema shahada, na kila likishuka yupo palepale, anazidi kuwa na rangi ya ardhi.

Halafu wakaja wetu. Niliwajua kwa mbali. Walishikana mikono, farasi wakakolea, na mwanangu akaanza kuinuka, akapiga magoti kwanza, kisha akasimama wima, mtoto niliyemnyonyesha, juu kabisa, hana kitu ila mkono wa mwenzake. Yule farasi wa upande wa chini akaanza kuteremka, kama mume wangu alivyosema, anaelekea tumbo. Mume wangu hakupiga kelele wala hakupunga mkono. Akamsemesha yule farasi kwa sauti ile ile ya kila jioni mazoezini, anapowaambia wapite, neno moja tu, na farasi akatega masikio, akajirudisha kwa mwenzake. Wakapita. Mwanangu kasimama. Kwato hazikubadilisha mlio, toka mwanzo hadi mwisho, mlio mmoja. Hapo ndipo kigelegele kiliponitoka, na sikuona haya hata kidogo.

Ardha ilipokwisha watu waliingia uwanjani kupongezana. Mume wangu hakuja. Nilidhani kachoka. Akaniita kwa mkono, nikaenda, naye ananong'ona, "Mwite kijana. Siwezi kutoka."

Alikuwa amezama. Kidogo kidogo, kila jozi ilipopita na ardhi kutetemeka, tope lilimvuta, mpaka likamfika karibu na magoti, naye hakujaribu kujinasua kwa kuogopa kuwashtua farasi. Mwanangu akaja mbio, na mwenziwe, wakamshika huku na huku, kwa mikono ile ile iliyokuwa imeshikana hewani, wakamvuta. Tope likatoa mlio, akatoka, na pale alipokuwa pakabaki mashimo mawili ya kina, yakaanza kujaa maji taratibu. Wapanda farasi walikuja wakayatazama mashimo yale. Mwanangu aliyatazama kuliko wote. Kisha akavua kilemba chake kipya, akapiga magoti, akaanza kumfuta baba yake miguu.

"Acha, acha," mume wangu akasema. "Utaharibu kilemba cha Idi."

Kijana hakuacha, na machozi yalikuwa yanamwangukia humo humo kwenye tope. Jirani yetu alisimama nyuma yake na jembe lake, naye analia waziwazi.

Mume wangu ndiye wa kwanza kuchoka na vilio. Aliutazama uwanja, uliokuwa umechimbuliwa na kwato toka upande huu mpaka ule, akasema ukiachwa hivi mpaka kesho utakamata ukoko, na kitanda hakina tena uzito, maana mifuko ya mchanga ilipasuka yote jana. Akaniomba ufunguo wa gari.

Nilimpa. Halafu nikakunja baibui langu la Idi, nikakipanda kile kitanda changu cha harusi, nikakaa katikati yake, nikashika minyororo.

"Twende," nikamwambia. "Na uendeshe polepole."